Jinsi Nyandeng Alivyogeuza Karata

Nimeacha kazi kwa sababu ya kidole gumba. Hapa Lodwar kuna wanaosema nimeokoka, kuna wanaosema nimeshiba, na kuna mama mmoja wa sokoni anayeeneza kwamba karata zenyewe zimenikataa. Ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Kimekakamaa, hakikunjiki, na mtu asiyeweza kukunja kidole gumba hawezi kuchanga karata sabini na nane bila kuzimwaga mapajani mwa mteja. Nilizimwaga mara kadhaa. Kila mara mteja aliona ni ishara, akatoka jasho, na mimi nikaona heri nifunge mlango kabla sijamuua mtu kwa presha.

Nyinyi wasichana mliochukua meza yangu mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyoikuta kazi hii na jinsi nilivyoifanya. Mmesema hasa mnataka kujua habari za karata zilizopinduka, kwa sababu kwenye simu zenu kila mtu anafundisha lake. Nitawaandikia. Lakini nawaambia mapema kwamba siwezi kueleza karata zilizopinduka bila kumtaja Nyandeng, na siwezi kumtaja Nyandeng bila wivu. Wivu huo ni wangu, nimeufuga muda mrefu kuliko nilivyowahi kufuga mbuzi yeyote, na sioni kwa nini niufiche eti kwa sababu nimezeeka.

Nilianza nikiwa muuza samaki. Nilikuwa nachukua samaki wakavu Longech, kando ya Ziwa Turkana, nawapeleka Kakuma, nawauza mlango kwa mlango pale kambini. Mmoja wa wateja wangu alikuwa Mama Feza, Mkongomani kutoka Uvira, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa aliyekuwa na duka la vitenge. Alinunua samaki wangu kila wiki na kila wiki alilalamika kwamba hawafikii wale wa ziwa la kwao. Nyuma ya vitenge palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia palikuwa na meza ndogo na viti vya plastiki, na hapo ndipo alipowasomea watu karata za tarot, zile za picha za kubashiria mambo.

Mwanzoni waliokuja ni wakimbizi wenzake. Baadaye wanawake wa Kituruka kutoka vijiji vya jirani nao wakasikia, wakaanza kuja, na Mama Feza hakujua neno la Kituruka zaidi ya salamu, ejok. Siku moja mwanamke aliketi mbele yake, wakatazamana mpaka wakachoka, halafu Mama Feza akaniita kutoka nje nikiwa na beseni la samaki kichwani. Akaniambia nitafsiri tu, nisiongeze.

Nikaongeza. Karata ya kwanza iliyotoka ilikuwa Mnara, ile yenye jengo refu linalopigwa na radi, moto juu na watu wakiruka kutoka madirishani. Mama Feza alisema kitu kirefu kuhusu mambo yaliyojengwa vibaya ambayo huanguka yenyewe. Mimi nilitazama picha, nikamwambia yule mwanamke kwamba nyumba yake inaungua. Aliinuka, akakimbia, akaacha hata kiatu kimoja. Mama Feza alicheka mpaka akashika meza, halafu akaacha kucheka, akanieleza kanuni ambayo niliishika kazi yangu yote: taja kilichopo kwenye karata, kisha nyamaza, mteja mwenyewe atakwambia kinachoungua.

Tangu siku hiyo nikawa mkalimani wake, na samaki wakabaki kazi ya asubuhi. Jina langu ni Nakiru, lakini yeye aliniita Mama Samaki mpaka mwisho. Kabla ya kugusa karata ilinibidi nisugue mikono kwa limau na jivu. Aliniambia kwamba mtu aliyekuja kuuliza habari za ndoa hapaswi kunusa kitoweo.

Alinifundisha kuchanga. Kakuma ina vumbi na upepo, mnajua, na vumbi likiingia katikati ya karata zinakwaruzana na kufifia. Kwa hiyo kila asubuhi tulizipangusa moja moja kwa kitambaa kikavu, tukazipaka poda ya mtoto kidogo sana, tukazipangusa tena. Saa za mchana, joto likipanda, karata hujikunja kama ngozi iliyoanikwa. Zikijikunja msizikunje upande wa pili kuzinyoosha, mtazivunja. Zifungeni kwenye kitambaa, wekeni kitu kizito juu, ongeeni na mteja habari za mvua. Na msizichange kwa kuzipasua mikononi kama vijana wanaocheza kamari chini ya mti. Zinapendeza macho lakini zinakufa haraka.

Sasa zile zilizopinduka. Karata ikitoka kichwa chini miguu juu, kuna wasomaji wanaoigeuza kimyakimya na kuendelea. Kuna wanaozipanga zote zikiangalia upande mmoja kabla ya kuanza ili jambo hilo lisitokee kabisa. Mama Feza hakuwalaumu, alichotaka ni uamue kabla hujagusa karata, usiamue baada ya kuona sura ya mteja. Yeye alizitaka zipinduke. Alizitandaza zote juu ya kitenge, akazisukasuka kwa viganja viwili kama mtu anayefua, na hapo kila moja ilienda ilikotaka. Iliyopinduka, alisema, si mbaya. Jambo lipo, ila limechelewa, au limefichwa, au linarudi lilikotoka. Ndiyo maana kuna yule Mtu Aliyening'inizwa, ambaye kwenye karata amefungwa mguu na kuning'inia kichwa chini. Akipinduka ndiyo kwanza anasimama vizuri, na wateja wengi humpongeza.

Kisha kuna kugeuza, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Karata ikiwa imelala kifudifudi mezani, unaishika ubavuni na kuifungua kama ukurasa wa Biblia. Ukifanya hivyo, iliyosimama itabaki imesimama, na iliyopinduka itabaki imepinduka. Lakini ukiishika upande wa chini na kuirusha juu kama unageuza chapati, umeshabadilisha neno. Iliyosema kaa itasema nenda. Mimi nilikuwa na mkono wa chapati, maana chapati nilizipika kabla ya karata. Kila nilipokosea Mama Feza alinigonga kifundo cha mkono kwa upepeo wake. Hakuwahi kuacha hata mara moja. Mkono wangu ulijifunza kwa kuumia, na ukajifunza vizuri, na nilianza kujiona mtu.

Hapo ndipo Nyandeng alipoletwa.

Alikuwa msichana mrefu kutoka Bor, mwenye shingo ndefu na mwendo wa kutojali. Wateja wa Sudan Kusini walikuwa wameongezeka, na Mama Feza alihitaji mtu wa Kiarabu cha Juba kama alivyonihitaji mimi kwa Kituruka. Wiki ya kwanza nilimpenda. Nilimwonyesha limau liko wapi. Wiki ya pili Mama Feza akaanza kumwita "binti yangu", na mimi nilikuwa bado Mama Samaki, na tangu hapo sikumwonyesha kitu chochote.

Nyandeng hakujua kuchanga. Karata zilimdondoka kila mara, na kila iliyodondoka alisema ilitaka kutoka yenyewe. Akisahau maana ya karata alimuuliza mteja, nao wateja walimwambia, wakaondoka wakimsifu kwamba amejuaje. Mtu akilia naye alilia, machozi yakadondokea karata ambazo mimi ndiye nilizipaka poda asubuhi. Na kugeuza, aligeuza chapati. Si mara moja, si mara mbili. Wakati mwingine aligeuza kama ukurasa, wakati mwingine kama chapati, kulingana na mkono ulivyoamka. Mama Feza alikaa palepale na upepeo wake mkononi, akatazama, na akaendelea kujipepea.

Nilikereka mpaka nikakosa usingizi. Watu walikuja kutazama mikono yangu ikichanga, kwa sababu nilichanga vizuri hata mimi mwenyewe nilijitazama, halafu waliketi kwa Nyandeng. Nilijiambia kwamba Mama Feza anampendelea kwa sababu wote wawili ni wakimbizi, wamepanga foleni moja ya mgao, na mimi ni mwenyeji ambaye nikimaliza kazi ninarudi kwetu. Nilimwambia Mama Feza hivyo siku moja, nikijifanya natania. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanipa wali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Kesi ngumu ninayoikumbuka zaidi ya siku zile ni ya mzee mmoja kutoka Nakalale. Alikuwa ameshapita kwa emuron, yule mwaguzi wetu anayerusha ndala za ngozi na kusoma jinsi zilivyoanguka, na ndala zikampa jibu ambalo hakulipenda. Akaja kwetu kama mtu anayetoka zahanati moja kwenda nyingine. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na alitaka kujua ahamishe mifugo kuelekea mpakani pamoja na wanawe, au asubiri. Alivua ndala zake mwenyewe akaziweka mezani karibu na karata, ili zisikie, alisema. Mama Feza aliniachia nisome mwenyewe, kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mzee hakujua lugha nyingine.

Nikachanga. Nikatandaza. Nikageuza kama ukurasa, vizuri kabisa. Ikatoka ile karata ya Gari, yenye mtu amesimama kwenye mkokoteni wa vita, na mimi nikamwona kichwa chini. Nikamwambia mzee gari limepinduka, safari imezuiwa, asubiri.

Mzee aliinama akaitazama karata kwa muda, kisha akaniuliza mbuzi ni wa nani. Nikasema ni wake. Akauliza basi kwa nini naangalia kutoka kwangu.

Sikumwelewa. Nilimtazama Mama Feza, naye akaangalia pembeni makusudi. Nyandeng, ambaye hakujua Kituruka hata kidogo na hakuwa na kazi yoyote pale, aliona tu kidole cha mzee kikielekea kwenye karata na kurudi kifuani pake. Akainuka, akanishika bega, akanizungusha meza mpaka nikasimama nyuma ya mzee. Kutoka pale lile Gari lilikuwa wima, na mtu wake ameinua kichwa.

"Hapa iko sawa," Nyandeng alisema. "Yeye ndiyo anaenda, si wewe."

Mama Feza alipiga makofi. Miezi yote alikuwa anasubiri mmoja wetu atambue karata inasomwa kutoka upande gani, na aliyetambua ni yule ambaye hata hakuelewa mazungumzo. Kanuni mnayoitumia leo, ya kukaa ubavuni mwa mteja na si mbele yake, ilitoka siku ile. Mzee alihama na wanyama wake wakapona. Msimu uliofuata alirudi na mbuzi wa shukrani, dume jeupe lililonona, akaniuliza kwa Kituruka yule msichana mrefu yuko wapi. Mimi ndiye niliyetafsiri maneno ya kumkabidhi Nyandeng mbuzi huyo.

Nimewaeleza hayo ili mfahamu hali yangu ilivyokuwa wakati jambo la Bahati lilipofika.

Bahati alikuwa mtoto pekee wa Mama Feza. Alikuwa ameenda Juba kutafuta kazi ya ujenzi kabla Nyandeng hajaja, na kwa muda alipiga simu, kisha simu ikaacha kuita. Mama Feza hakumtaja sana. Ila kila jioni alipeleka simu yake kuchajiwa kwenye duka la sola, na alikaa hapohapo ikichajiwa, hakuiacha kwa mtu. Hakuwahi kujisomea karata juu ya mwanawe. Msomaji hajisomei, hilo mnalijua, mkono unavuta kule moyo unakotaka. Ilibidi amwombe mmoja wetu, na hakuomba. Mimi nilingoja aniombe. Nilijua karata kuliko Nyandeng, mkono wangu ulikuwa safi, na niliona kwamba siku atakaponiomba ndipo itakapojulikana nani ni nani katika duka lile.

Kisha jina la Mama Feza likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa nchi za nje. Alikuwa amelingoja miaka mingi, tangu kabla ya Bahati kuondoka, na lilipotoka lilitoka lake peke yake. Asipokwenda, nafasi ingepewa mwingine na huenda isingerudi. Akienda, Bahati akirejea angekuta mlango wa mtu mwingine. Alipunguza sauti siku hizo. Tuliuza vitenge bila kelele, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Jumapili moja baada ya kanisa alituita sote wawili nyuma ya pazia. Alikuwa bado na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Niliketi kwenye kiti cha msomaji bila kuambiwa. Akanitazama, akasema, "Mama Samaki, wewe ukae pale," akaonyesha kiti cha pembeni, kile cha mkalimani. Halafu akasukuma karata kwa Nyandeng.

Sijui kama mmewahi kuonea mtu wivu mbele ya mtu mnayempenda wote wawili. Masikio yalipata moto. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, nikaweka mikono mapajani, na nilichofikiria, Mungu ananijua, si Bahati wala Juba wala safari. Nilifikiria kwamba mikono yangu inanukia limau bure.

Mama Feza alitaka karata moja tu. Nyandeng alizitandaza juu ya kitenge, akazisukasuka, akazikusanya vibaya kama kawaida yake. Alisogeza kiti akakaa bega kwa bega na Mama Feza. Akaweka karata moja kifudifudi. Akaishika upande wa chini, akairusha juu, chapati kamili.

Ilikuwa Vikombe Vinane. Mnaijua: mtu na fimbo yake anaondoka kuelekea mlimani, amegeuza mgongo, na nyuma yake vikombe vinane vimepangwa. Ilitulia mezani imesimama wima.

Nyandeng aliitazama, kisha akaacha kuitazama, akamtazama Mama Feza. "Mama, huyu mtu iko naenda," alisema. "Vikombe anaacha. Lakini angalia, hakuna moja imevunjika. Yote imesimama, inangoja."

Mama Feza akaanza kulia, kilio cha chinichini kama mtu anayetua mzigo. Nami sikuweza kujizuia. Nilisema kwamba ameigeuza kama chapati. Nilisema kwamba karata ilikuwa imelala imepinduka, kwamba neno lake la kweli ni kukaa, au kurudi, na kwamba kama angeigeuza kama ukurasa tungeona yule mtu yuko kichwa chini. Nilisema yote hayo kwa ufasaha, bila kubabaika, na nilikuwa sahihi. Hata leo nikiulizwa nitasema nilikuwa sahihi.

Nyandeng alirudisha mkono wake mapajani. Mama Feza alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Niliona," alisema.

Nikamuuliza, kama aliona, mbona alinyamaza.

"Mama Samaki, wewe unaonaka karata, unasemaka karata. Iko muzuri. Watu watakutafutaka sababu ya ile." Aliigusa karata kidogo, akainyoosha kwenye kitenge. "Nyandeng anaonaka mutu. Leo nilitaka mutu aniangalie."

Aliondoka kabla ya mvua. Siku ya basi alitukumbatia sote, mimi kwanza, halafu Nyandeng, na Nyandeng alikumbatiwa kwa muda mrefu zaidi. Nilikuwepo, niliona.

Baada ya hapo hatukuwa na sababu ya kukaa pamoja. Nyandeng alihamia Kalobeyei, akaweka meza yake kwenye kibanda karibu na shamba lake dogo la mboga. Mimi nilirudi Lodwar, nikakodi chumba nyuma ya saluni, kile mlichokirithi. Karata zangu niliagiza Nairobi, zikafika zikinuka mafuta ya gari.

Miaka ya Lodwar ilikuwa kazi ya kawaida na ninaijivunia. Walikuja walimu, wauguzi, wafanyakazi wa kaunti waliohamishwa kutoka bara wakitaka kujua watarudishwa lini, na wake za wachungaji waliopitia mlango wa saluni wakijifanya wanasuka. Wafanyakazi wa serikali wataulizia cheo. Waambieni karata haina barua ya uhamisho. Wanaume watauliza kwa niaba ya rafiki. Msomeeni huyo rafiki, msicheke. Mtu akikata karata na kukurudishia fungu limegeuka, mwonyeshe kwamba limegeuka kabla hujatandaza, asije akasema baadaye umempindua. Na sikuwahi kugeuza chapati tena, wala sikumruhusu yeyote kwenye meza yangu ageuze. Jina langu lilienea hivyo, kwamba yule mama wa Lodwar hakupambi wala hakutishi, atakwambia ilivyolala.

Lakini wateja ni walewale, wanazunguka. Mwalimu mmoja aliyekuwa amesomewa na Nyandeng, kisha akasomewa na mimi, aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba kwangu ametoka na jibu na kwa Nyandeng alitoka amepumua. Nilimshukuru. Nilifunga mlango mapema siku hiyo.

Ikapita miaka. Mchana mmoja, upepo ukivuma mpaka mabati ya saluni yanapiga kelele, aliingia mwanamume mwembamba aliyechechemea. Alinisalimu kwa Kituruka, salamu ya mtu aliyekulia Kakuma, na kabla hajamaliza nilimjua. Alikuwa na mdomo wa Mama Feza na ile sauti kubwa kuliko mwili. Nilimvutia kiti, nikamtuma msichana wa saluni alete soda.

Bahati alinisimulia kwa ufupi. Alianguka kwenye jengo huko Juba, akalazwa muda mrefu, simu ikaibwa, namba zote alikuwa nazo kwenye simu. Alipoweza kutembea akarudi Kakuma na kukuta watu wengine nyumbani kwao, wanaanika nguo kwenye kamba ya mama yake. Majirani walimpa namba ya nje. Alikuwa ameshaongea na mama yake. Mama alilia, akamwomba msamaha, akamwambia karata ndizo zilizomwambia aende.

"Si ati nimekasirika," Bahati alisema. Alikuwa anazungusha chupa ya soda bila kunywa. "Lakini mama anaweza kusema kitu ndiyo tu nisisikie vibaya. Si unamjua? Kule kambini wakaniambia kuna mama Lodwar alikuwa ndani ya hiyo chumba. Wakasema huyo hadanganyangi mtu, anasema vile karata imelala. Kwa hivyo nimekuja nikuulize wewe. Hizo karata zilimwambia aende, ama alijiendea tu?"

Nilimtazama. Kazi yangu yote nilikuwa nimetazama karata kwanza na mtu baadaye, na sasa hapakuwa na karata mezani, palikuwa na huyo kijana mwenye mguu mbovu na chupa ya soda. Niliona jinsi alivyoshika kiti. Niliona kwamba ametoka Kakuma na jua lote lile kwa sababu ya neno moja, na kwamba neno hilo Nyandeng hangeweza kumpa hata angelia naye siku nzima, kwa kuwa Nyandeng anajulikana kwa huruma. Lilipaswa kutoka kwa mtu anayejulikana kwa ugumu.

"Zilimwambia aende," nikasema. "Karata ilikuwa moja, na ilisimama wima mezani. Niliiona kwa macho yangu."

Aliniuliza ilikuwa karata gani. Nikaitafuta kwenye fungu langu, nikaiweka mbele yake, imesimama, nikakaa ubavuni mwake. Nikamwonyesha mtu anayeondoka. Nikamwonyesha vikombe, nikamwambia avitazame vizuri, hakuna hata kimoja kilichovunjika, vyote vimesimama vinangoja. Alivihesabu kwa kidole kama mtoto. Kisha akaweka paji la uso juu ya meza yangu na mabega yakaanza kumtikisika, na mimi, ambaye sikuwahi kumgusa mteja, nilimwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo.

Alipoinuka alikuwa na uso mwingine. Akanywa soda yote kwa mkupuo. Akasema amekuwa akibeba hilo jambo tangu Kakuma, na sasa anaweza kumpigia mama yake na kuongea naye vizuri. Halafu akauliza ni nani aliyemsomea mama yake siku ile.

Hapo ningeweza kusema ni mimi. Hakuna ambaye angenibishia, na kijana alikuwa tayari ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Ulikuwa usomaji mzuri kuliko wote niliowahi kufanya, na nilijua hivyo wakati uleule nikiufanya. Lakini aliyesoma siku ile si mimi. Nikamwambia ni Nyandeng, anakaa Kalobeyei, kibanda chenye mboga mbele, aende akamshukuru.

Akaniachia mkono, akaenda. Nilimtazama kutoka mlangoni mpaka alipopata bodaboda, na katika maisha yangu yote sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea Nyandeng saa ile.